Mawazo, Matendo na Moyo Uliochoka

Mama msikilizaji, endelea na kazi yako, kama unapika anjera au unachambua mchele. Leo huhitaji kalamu wala daftari. Tega masikio tu.

Leo tunazungumza juu ya ugonjwa usioonekana kwa kupima damu, na tiba isiyouzwa kwenye duka la dawa. Ugonjwa wenyewe ni moyo kuchoka kupita kiasi: huzuni isiyoisha, au hofu isiyomwachia mtu nafasi. Tiba yake ni mazungumzo ya aina maalumu. Humfundisha mtu kuyachunguza mawazo yake na kubadilisha matendo yake, kidogo kidogo, mpaka moyo upate nguvu tena.

Kwanza nikiri kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2023 nilikuwa nikifanya kazi katika kituo kimoja cha afya. Alikuja mama wa makamo akilalamika kichwa. Nikampima presha, nikampima malaria, sikuona kitu. Nikampa Panadol. Baada ya wiki mbili akarudi: kichwa bado, kifua kinabana, tumbo linawaka. Nikampa dawa ya tumbo. Mara ya tatu nilianza kuandika dawa kabla hajamaliza kusema, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa nimechoka. Alikuwa amesindikizwa na binti yake wa miaka kama 13. Yule binti akaniambia kwa sauti ndogo, "Daktari, mama hatoki nyumbani siku hizi. Mimi ndiye ninayepika."

Nikatazama saa. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya Jumanne. Mtoto huyo alitakiwa awe darasani.

Nikaweka kalamu chini, nikauliza swali ambalo ningeliuliza siku ya kwanza: "Mama, nini kimekupata?"

Kilichompata mnakijua. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mbuzi walikufa, ng'ombe wakafuata. Familia ikahamia kwenye bulla moja pembeni mwa mji. Mume akaenda mbali kutafuta kibarua. Mama akabaki amelala kwenye mkeka. Akaniambia, "Mtu asiye na mifugo si mtu. Nikitoka watu watanicheka. Sasa nitoke niende wapi?"

Panadol ingetibu nini hapo?

MDUARA WA MAMBO MATANO

Mama msikilizaji, chukua mkono wako, uhesabu vidole vitano. Kidole cha kwanza ni jambo lililotokea. Cha pili ni wazo linalokuja kichwani. Cha tatu ni hisia moyoni. Cha nne ni mwili. Cha tano ni tendo.

Tumchukue mama yule. Jambo: mifugo imekufa. Wazo: "mimi si mtu tena." Hisia: huzuni na aibu. Mwili: kichwa kinauma, usingizi hauji, chakula hakina ladha. Tendo: anajifungia ndani.

Sasa angalia tendo hilo linavyorudi mwanzo. Kwa kuwa anajifungia, haonani na wenzake bombani. Hasikii kwamba jirani naye amepoteza mifugo yote. Hachekeshwi, haulizwi hali. Anabaki na wazo lake peke yake kutwa nzima, na wazo linazidi kunenepa. Huzuni inaongezeka, mwili unazidi kuuma, naye anazidi kujifungia. Ni kama punda anayezunguka kinu: anatembea siku nzima na hafiki popote.

Kwa Kisomali tunayo maneno ya hali hizi. Kuna walwal, yaani wasiwasi. Kuna murugo, yaani huzuni. Na kule kambini Dadaab kuna buufis, hamu kubwa ya kwenda kuishi ng'ambo, ambayo huweza kumlaza mtu matumaini yanapokatika. Tukisema hospitalini kwamba mtu ana sonona, tunasema juu ya huzuni nzito inayodumu wiki mbili au zaidi, na kumzuia mtu kufanya kazi zake na kufurahia alichokuwa anakipenda. Huo si wazimu. Si uvivu. Wala si dalili kwamba imani ya mtu ni pungufu.

Habari njema ni kwamba mduara unaweza kukatwa. Hatuwezi kumfufua ng'ombe. Hatuwezi kuuamuru moyo, "Furahi!" nao ukafurahi. Lakini vidole viwili tunaweza kuvishika: wazo na tendo. Ndiyo maana tiba hii huitwa tiba ya mawazo na matendo.

TIBA HII SI NGENI KWETU

Wengine watasema hayo ni mambo ya Wazungu. Sikiliza. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, mwanachuoni wa Kiislamu aitwaye Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi. Alifundisha kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua. Alifundisha pia kwamba mtu ajiwekee mawazo mema akiba akiwa mzima, ayatumie siku ya dhiki, kama mtu anavyoweka dawa ndani ya nyumba.

Katika karne ya 20 madaktari wakaendeleza elimu hii. Joseph Wolpe wa Afrika Kusini alionyesha kwamba hofu hupunguzwa kwa kuikaribia hatua kwa hatua, mwili ukiwa umetulizwa. Kuanzia miaka ya 1960, Aaron Beck wa Marekani aliona kwamba wagonjwa wa sonona wana mawazo yanayokuja haraka bila kuitwa, na kwamba mtu anaweza kufundishwa kuyachunguza.

Je, inawafaa watu kama sisi? Huko Pakistan, nchi ya Waislamu, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kuwatembelea nyumbani akina mama wenye sonona, tangu miezi ya mwisho ya mimba. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi sita, kati ya kila akina mama 100 waliotembelewa kwa njia ya kawaida tu, 53 walikuwa bado na sonona. Kati ya kila 100 waliofundishwa tiba hii, walikuwa 23.

Hapa kwetu Kenya, Shirika la Afya Duniani lilijaribu mpango wa vikao vitano, kila kikao dakika 90. Walishiriki wanawake 421 wa mitaa ya pembeni mwa Nairobi waliokuwa wamepitia dhuluma za kijinsia. Waliowahudumia hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu wa afya ya jamii, watu wa mitaa hiyo hiyo, waliofundishwa na kusimamiwa. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliopata vikao hivyo walipunguza dhiki zaidi ya wale waliopata huduma ya kawaida. Si kwamba kila mmoja alipona kabisa. Lakini mzigo ulipungua.

MAMBO MANNE YANAYOFUNDISHWA

Sasa nikueleze yanayofanyika katika vikao kama hivyo, nawe uanze hata leo.

La kwanza ni kutuliza mwili. Keti vizuri. Weka mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi polepole kupitia pua, ukihesabu moja, mbili, tatu, tumbo lipande. Toa pumzi, moja, mbili, tatu, tumbo lishuke. Endelea kwa dakika chache. Usivute kwa nguvu, utapata kizunguzungu. Chagua wakati usiosahaulika, kwa mfano baada ya swala ya alasiri, ufanye kila siku. Usingoje mpaka moyo uanze kukimbia.

La pili ni kuchambua shida. Mtu mwenye moyo uliochoka huona shida zote kama furushi moja kubwa. Lifungue. Shida gani inaweza kutatuliwa, na ipi haiwezi? Mifugo iliyokufa haiwezi kurudi. Lakini karo, au madeni ya dukani, au paa linalovuja, hayo yanaweza kufanyiwa kitu. Chagua moja tu. Fikiria njia zote, hata zile zinazoonekana za kipuuzi. Chagua njia moja, na useme utaanza siku gani. "Nitakwenda kwa mwalimu mkuu Jumatatu asubuhi" ni mpango. "Mungu akijalia nitaona" bado si mpango. Tumefundishwa tumfunge ngamia kwanza, kisha tumtegemee Mwenyezi Mungu.

La tatu ni kuanza tendo dogo. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Husema, "Nikipata nafuu nitatoka." Tiba hii inasema: toka kidogo, nafuu itakufuata. Usingoje hamu. Hamu huja nyuma ya tendo. Lakini tendo liwe dogo sana, na liwe na saa yake. Usiseme, "Nitarudi sokoni." Sema, "Kesho saa mbili nitafagia mbele ya mlango." Ukiweza siku tatu, ongeza: "Nitakwenda na mtungi mmoja bombani." Ukishindwa siku moja, usijilaumu. Punguza tendo, uanze tena kesho yake.

La nne ni kuwarudia watu. Chagua mtu mmoja unayemwamini: dada, shangazi, jirani, au mwenzako wa chama. Huhitaji kumweleza yote. Mwambie tu, "Siku hizi siko sawa. Njoo tuketi pamoja." Chai ya maziwa iliyonywewa na mtu haifanani na chai iliyonywewa peke yako.

NA WAZO LENYEWE?

Wazo likikujia na kukuuma, usilifukuze kwa fimbo. Likaribishe kama mgeni usiyemjua, kisha umhoji. Uliza maswali matatu.

Moja: je, hili ni jambo lililotokea, au ni hukumu ninayojihukumu mwenyewe? "Mifugo imekufa" ni jambo lililotokea. "Mimi si mtu" ni hukumu.

Mbili: dada yangu angekuwa na shida hii, je, ningemwambia maneno haya? Ungemwambia dada yako aliyefiwa na mifugo kwamba yeye si mtu? Hasha. Basi mbona unajiambia wewe?

Tatu: kuna maneno gani mengine ambayo ni ya kweli na yananisaidia? Sikuambii ujidanganye. Usiseme, "Kila kitu ni kizuri," na wewe unajua si kizuri. Sema yaliyo kweli: "Nimepoteza mali. Bado mimi ni mama wa watoto wanne. Mikono yangu bado inafanya kazi."

HOFU ISIYOONDOKA

Mkoa wetu umeona mengi. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, lakini moyo haufunguliwi kwa tarehe. Mtu aliyepitia tukio kama hilo, au aliyempoteza wake, anaweza kuruka kila mlango unapogongwa. Anaweza kuota ndoto mbaya. Anaweza kuepuka njia fulani miaka na miaka. Kisha yakaja mafuriko ya mto Tana mwishoni mwa 2023 na tena mwaka 2024. Watoto waliobebwa usiku kutoka nyumba zilizoingia maji, wengine hulia wanaposikia mvua ikigonga mabati.

Ukiwa na mtoto kama huyo, usimcheke, usimpige anapokojoa kitandani. Wala usimkimbize kila mara wingu linapotanda, maana atajifunza kwamba kila mvua ni mauti. Mpandishe ngazi polepole. Kwanza mchoreni mvua mkiwa mmekaa pamoja, azungumze akitaka. Siku ya manyunyu, mpakate ndani ya nyumba mkipumua polepole. Siku nyingine simameni mlangoni, mkono wake ukiwa mkononi mwako. Akikubali, anyooshe kiganja nje. Kila ngazi irudieni mpaka hofu ishuke, ndipo mpande nyingine. Mwache aamue mwendo.

Lakini zingatia: ngazi hii ni ya kitu kisicho na hatari. Kama maji yanapanda kweli, au njia si salama kweli, hofu hiyo ni mlinzi wako. Isikilize, uondoke. Na mtu anayerudiwa na picha za mauaji au ubakaji, usimlazimishe kusimulia. Huyo anahitaji mtu aliyefunzwa. Wapo, na watoto nao husaidika. Watafiti walifundisha washauri wa kawaida, wasio madaktari, huko Bungoma hapa Kenya na Moshi nchini Tanzania. Washauri hao waliwahudumia watoto waliofiwa na wazazi kwa njia hii ya mawazo na matendo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020, na kwa jumla yalikuwa mazuri.

DUA, DAWA NA HOSPITALI

Mama mmoja aliwahi kuniuliza, "Nikifuata haya, niache kusomewa Kurani?" La, mama. Dua ni nguzo yako, ishike. Sheikh anayekusomea na mhudumu anayekufundisha kupumua hawagombani. Ninachokataa ni mgonjwa kufungwa minyororo, kuchapwa, kuchomwa moto au kunyimwa chakula ati atolewe jini. Hayo si dini wala si tiba. Humwongezea mgonjwa jeraha juu ya jeraha.

Kuna hali ambazo mazungumzo ya nyumbani hayatoshi. Nenda hospitali bila kungoja ukiona haya:

- Mtu anasema heri afe, au anaaga watu, au anatafuta njia ya kujidhuru. Usimwache peke yake. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humfungulia mlango wa kusema. Ondoa dawa, sumu na visu karibu naye.
- Mama aliyejifungua, hasa ndani ya zile siku 40, halali kabisa, anachanganyikiwa, anasikia sauti, au anamwogopa mtoto wake. Hii ni dharura. Asiachwe na mtoto peke yao.
- Mtu hali, hanywi, au hatambui watu.
- Huzuni au hofu imepita wiki mbili na kazi za nyumbani zimesimama.

Anza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa bulla yako, au zahanati iliyo karibu, uulize kuhusu huduma ya afya ya akili na upate barua ya kwenda mbele ikihitajika. Wengine watahitaji vidonge pamoja na mazungumzo. Kama ulishaandikiwa vidonge, usiviache mwenyewe kwa sababu umesikia kipindi hiki. Ukikosa mtu wa kuongea naye, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya bure, 1199.

KWA WEWE UNAYEMTUNZA

Labda si wewe unayeugua. Labda ni dada yako, au mama mkwe. Usimwambie, "Jikaze, wenzako wamepata makubwa zaidi." Maneno hayo humfunga mdomo. Mwambie, "Naona umechoka. Nitakuja kesho tuchote maji pamoja." Kisha uje kweli. Usimfanyie kila kitu, bali fanya naye. Na akifanya jambo dogo, litambue: "Leo umefagia, nimeona."

MAMA YULE

Mtauliza aliishia wapi. Siku ile tulikubaliana jambo moja tu: kila asubuhi atachemsha chai yeye mwenyewe kabla binti hajaamka. Chai tu. Wiki ya kwanza aliweza siku mbili. Sikumgombeza. Wiki ya pili aliweza siku tano. Baadaye akaenda bombani na jirani, akagundua kwamba jirani alikuwa amepoteza ng'ombe 20 na alikuwa akimwogopa yeye, akidhani ana kiburi. Walicheka siku hiyo.

Hajapata mifugo. Kichwa bado humuuma siku nyingine, na kuna asubuhi asizoamka. Lakini alipokuja kliniki mara ya mwisho alikuja peke yake. Nikamuuliza, "Binti yuko wapi leo?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu.

"Leo ni Jumanne, daktari," akasema. "Yuko shule."

Mama msikilizaji, kabla ya kulala leo chagua tendo lako moja dogo la kesho, ulipangie saa. Tukutane tena katika mazungumzo yajayo. Wabillahi tawfiq, na kwaheri.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi
1. Taja jambo moja lililokuhuzunisha, kisha utaje wazo, hisia, mwili na tendo vilivyofuata.
2. Ni mama gani wa bulla yetu ambaye hatujamwona bombani siku nyingi? Nani atamtembelea, na siku gani?
3. Ni maneno gani tunayowaambia wenye huzuni ambayo huwafunga mdomo? Tuseme nini badala yake?